Sura Ile Pale Bwaloni

Wiki iliyopita niliyapanga kitandani matoleo yote ya jarida hili niliyonayo tangu nianze mwaka wa kwanza. Yako saba. Rais wa serikali ya wanafunzi ametokea kwenye jalada mara tatu, na ni marais watatu tofauti, ingawa suti ukiiangalia vizuri ni kama ileile. Mgeni rasmi wa mahafali ametokea mara moja. Jengo jipya mara moja, likiwa bado na ngazi za mafundi. Matoleo mawili yaliyobaki yana msichana mmoja, tena kwa picha ileile moja: anacheka chini ya mwembe, embe mkononi, kichwa kimeinuka kidogo.

Kwa hiyo akija mtu kuuliza nani staa wa jarida letu, jibu si rais yeyote wala mgeni rasmi. Ni huyo binti. Hata ambaye hajawahi kufungua jarida hili anamjua, maana picha hiyo imewekwa kwenye kalenda ya mwaka jana, kwenye tangazo la bonanza, na kwenye lile bango kubwa la kukaribisha mwaka wa kwanza lililotundikwa bwaloni. Ukipanga foleni ya wali maharage, unapanga naye.

Picha ile niliipiga mimi.

Nitarudi kwenye picha. Kwanza niwape habari za saluni moja ya Nzega ambako mama alikuwa ananipeleka kusukwa nikiwa shule ya msingi. Kuta zake zilikuwa zimebandikwa kurasa za mbele za magazeti ya udaku kuanzia juu mpaka chini, kiasi kwamba rangi ya ukuta sijawahi kuiona. Nilijifunza kusoma haraka pale kuliko darasani. Na sura zilikuwa chache sana kwa ukuta mzima. Marehemu Steven Kanumba alikuwapo, na baada ya kufariki Aprili 2012 aliongezeka badala ya kupungua. Diamond Platnumz alikuwapo, akizidi kunenepa mwaka hadi mwaka. Lakini malkia wa ukuta ule alikuwa Wema Sepetu. Sijui kama kuna waziri au mchezaji wa mpira wa nchi hii ambaye sura yake imechapwa ukurasa wa mbele kuliko yake. Alivikwa taji la Miss Tanzania mwaka 2006, akaingia kwenye filamu, na tangu hapo magazeti yakamfuata kama siafu wanavyofuata asali: kapendana na nani, kaachana na nani, kanenepa, kapungua, kalia, kacheka.

Mimi na wasichana wenzangu tuliamini kwamba mtu anayetokea gazetini mara nyingi hivyo lazima analipwa kwa kila gazeti. Siku moja nilimuuliza msusi. Akacheka mpaka akaachia nywele. "Analipwa nini? Anayelipwa ni mwenye gazeti. Yeye analipwa maneno."

Jibu hilo nililisahau kwa miaka mingi, nikalikumbuka mwaka jana nikiwa mazoezi ya kufundisha.

Masomo yangu ya kufundishia ni Historia na Kiswahili. Nilipangiwa kidato cha pili, mada ya biashara ya misafara. Mkufunzi alikuwa anakuja kunikagua, nami nikataka kumfurahisha kwa zana za kufundishia. Nikachapisha picha mbili tatu, mojawapo ile maarufu ya Henry Morton Stanley akiwa amevaa mavazi ya safari, na pembeni yake mtoto mweusi. Nikaibandika ubaoni. Nikauliza: ni watu gani maarufu waliopita njia ya misafara kutoka Bagamoyo, kupitia Tabora, hadi Ujiji? Darasa zima likanijibu kwa pamoja kama wanaimba: Livingstone na Stanley! Mkufunzi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu mwanafunzi mmoja wa nyuma, wa wale ambao ukiwa mwalimu mgeni unaomba wasinyooshe mkono, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na huyo mtoto ni nani?"

Nilisema ni mtumishi wake. Nikaendelea na somo. Alama zangu zilikuwa nzuri tu, lakini swali lilinikera usiku kucha, kwa sababu picha nimeichagua mimi, nimeichapisha kwa hela yangu, na nusu ya watu waliomo sikuwajua.

Mtoto yule anaitwa Kalulu. Na ustaa wake ulianzia hapa Tabora.

Stanley alifika Unyanyembe mwishoni mwa Juni 1871 akiwa mwandishi wa gazeti la New York Herald, aliyetumwa kumtafuta Livingstone. Alikaa hapa Kwihara karibu miezi mitatu, maana njia ya kwenda Ujiji ilikuwa imefungwa na Mirambo. Agosti ya mwaka huo Stanley aliungana na Waarabu wa Tabora kwenda kumpiga Mirambo, wakapigwa wao, wakarudi mbio, na kabla mwezi haujaisha Mirambo akaja kuichoma Tabora yenyewe. (Hii sehemu ningependa iwe na jalada lake siku moja.) Ni katika kipindi hicho cha kusubiri ndipo mfanyabiashara mmoja Mwarabu alipompa Stanley zawadi: mtoto mdogo wa kiume, mtumwa. Stanley anaandika kwamba mtoto aliitwa Ndugu Mhali. Hakulipenda jina, akawaambia watu wake wamtafutie lingine, wakabishana pale, na likachaguliwa Kalulu. Mwenye jina, kwa jinsi ninavyoisoma habari hiyo, hakuwa na kura.

Kilichofuata kingewashangaza hata mameneja wa wasanii wa leo. Stanley alimkuta Livingstone Ujiji mwezi Novemba 1871, wakarudi pamoja hadi Kwihara mwanzoni mwa 1872, na Machi akaondoka kuelekea pwani na Ulaya pamoja na mtoto. London akampeleka studio. Picha zile za safari ambazo sisi walimu tunazibandika ubaoni zilipigwa huko, 1872, ndani ya chumba, vumbi la Ugogo halipo hata punje. Zikauzwa kama kadi ndogo ambazo watu walikuwa wanakusanya kwenye albamu zao, kama sisi tulivyokuwa tunakusanya picha za wachezaji. Mwaka 1873 Stanley akatoa kitabu cha hadithi kwa ajili ya vijana, na jina la mtoto likawa kwenye jina la kitabu: My Kalulu. Akachongwa sanamu ya nta kwenye jumba la Madame Tussaud. Akapelekwa shule huko London. Aprili 1874 alikuwapo kwenye mazishi ya Livingstone, kanisa la Westminster.

Jaribuni kufikiria. Mtoto aliyetolewa zawadi Tabora kama mtu anavyotoa jogoo, ndani ya miaka mitatu sura yake iko kwenye kadi, kwenye kitabu, kwenye nta. Sijui kama kuna mtu aliyepita mji huu katika karne ile aliyepigwa picha na kuchongwa kuliko yeye, ukiwatoa wale Wazungu wawili. Stanley alipoanza safari ya pili ya Afrika alirudi naye, na mwezi Machi 1877 kijana akafa maji kwenye maporomoko ya mto Kongo, bado mdogo kabisa. Stanley akayapa maporomoko hayo jina lake. Yaani jina ambalo Stanley ndiye aliyempa.

Mwaka huu nilikwenda Kwihara na wenzangu wa Historia, ni kilometa chache tu kutoka mjini, kwenye lile tembe ambalo sasa ni makumbusho. Tulipiga selfi mlangoni sote. Mimi nilikuwa nawaza kwamba mle ndani mtu alipewa jina jipya na hakuulizwa.

Najua nikifika hapa kuna mtu atasema nimevuka mipaka, kwamba utumwa ni utumwa na udaku ni udaku, na jarida la wanafunzi si Stanley. Ni kweli. Wema aliingia kwenye mashindano kwa hiari yake, na Kalulu hakuwa na hiari yoyote. Ninachosema ni kidogo zaidi ya hapo. Ninasema kwamba tukihesabu nani ametokea mara nyingi tunadhani tumehesabu heshima, kumbe tumehesabu tu ni mara ngapi mwenye kalamu au mwenye kamera alimhitaji. Anayechagua jalada si anayeonekana kwenye jalada.

Na hili halimkuti maskini peke yake. Lupita Nyong'o, binti wa Kenya mwenye Oscar, alitokea kwenye jalada la Vogue ya Marekani Julai 2014 na amelirudia tena na tena. Mwaka 2017 jarida la Grazia la Uingereza lilimweka jalada baada ya kuzifuta sehemu ya nywele zake na kuzilainisha zilizobaki. Alilalamika hadharani, wakaomba radhi. Huyo ni Lupita, ana mawakala, ana mamilioni ya wafuasi. Kama yeye anaamka asubuhi anakuta nywele zake zimekatwa na kompyuta ya mtu, binti wa mwaka wa kwanza anayesubiri bumu atafanya nini?

Upande wa pili nao upo, nisiufiche. Mashindano yaleyale ya Miss Tanzania ya 2006, mshindi wa pili alikuwa Jokate Mwegelo. Naye alipamba kurasa za mbele miaka mingi. Mwaka 2018 akateuliwa kuwa mkuu wa wilaya ya Kisarawe, na sisi wa Elimu tunamkumbuka kwa kampeni ya Tokomeza Zero, maana alichukua sura ambayo watu walikuwa wameizoea kwenye urembo akaitumia kuchangisha fedha za shule. Kwa hiyo siwezi kusema jalada ni laana. Wapo wanaolitafuta kwa kila kiki, na hapa chuoni tunao, mnawajua, na kama wanalitaka wapeni. Tofauti ninayoiona mimi ni nani anashika usukani.

Sasa turudi kwenye mwembe.

Ilikuwa Novemba, wiki ya usajili. Tabora wakati huo embe zinaokotwa tu. Mimi na mwenzangu wa chumba tulikuwa tumekaa chini ya mwembe tangu saa mbili asubuhi tukisubiri kuitwa namba, mfumo umegoma, jua kali. Upepo ukaangusha embe, likampiga mtu mmoja begani mwenye suti, akaruka, na mwenzangu akacheka kicheko ambacho mpaka leo nikikikumbuka nacheka mwenyewe. Nikatoa simu nikapiga. Picha ilikuwa nzuri mno. Sina kipaji cha kupiga picha, ile ilitokea tu. Jioni nikaiweka kwenye kundi la darasa. Mtu wa jarida akanitafuta: dada, tunaomba ile picha kwa toleo la kuwakaribisha mwaka wa kwanza. Nikajisikia vizuri. Nikaituma. Jina langu likaandikwa ndani, kwa herufi ndogo, kama mpiga picha. Nilimtumia mama nyumbani.

Mwenzangu aliiona picha yake siku jarida lilipotoka. Sikumwambia kabla. Sikukusudia kumficha, haikunijia tu akilini kwamba kuna mtu wa kumwuliza. Alinunua nakala mbili, alicheka, alifurahi. Nalisema hili kwa sababu ndilo ambalo wahariri hunijibu nalo kila siku: mbona alifurahi?

Alifurahi wiki moja. Kisha wakaka wa hosteli ya pili wakaanza kumwita "Embe". Baadaye "Embe Dodo", na hapo sina haja ya kueleza, mnajua wanachomaanisha na macho yao yalikuwa yanaangalia wapi. Picha ikakatwa ikawa stika ya WhatsApp. Ikaja kalenda. Likaja tangazo la bonanza, lenye nembo ya mdhamini juu ya kichwa chake. Muhula wa pili likaja bango la bwaloni. Akaanza kula chumbani. Mimi nikawa namletea chakula kwenye hotipoti, napita chini ya picha niliyoipiga mimi, nimebeba chakula cha mtu aliye pichani.

Kilichomvunja hasa ni simu ya baba yake. Mzee ni mkulima wa tumbaku, na mwaka ule malipo yalikuwa yamechelewa. Mtu wa kijijini kwao aliyepita chuoni alilipiga picha lile bango akamwonyesha. Mzee akapiga. Simu ilikuwa kwenye spika, nilisikia. Hakufoka. Alisema, "Mwanangu, kumbe siku hizi unalipwa kwa sura yako, na mimi nauza mbuzi nikutumie nauli?"

Alijaribu kumweleza kwamba halipwi. Mzee hakuelewa, na mimi simlaumu hata kidogo. Nani anamweka mtu kwenye bango kubwa kama mlango wa ghala, na kalenda, na tangazo, bila kumpa hata shilingi? Mimi mwenyewe nikiwa na miaka kumi niliamini hivyohivyo pale saluni. Tangu siku hiyo fedha kutoka nyumbani zilikuwa zinakuja na swali.

Alikwenda ofisini kuomba picha iondolewe. Hakufukuzwa, aliongeleshwa vizuri tu, kwa tabasamu. Aliambiwa picha ilipigwa mahali pa wazi, kwamba inakitangaza chuo, kwamba wenzake wangetamani nafasi hiyo, kwamba bango limeshalipiwa. Mmoja akamwambia, dada, ustaa ni baraka. Nikaenda mimi, nikasema picha ni yangu, naiomba. Nikajibiwa kwamba nilishaitoa. Ni kweli nilishaitoa. Nilitoa kitu ambacho hakikuwa changu, na aliyekipokea hakuuliza ni cha nani.

Mimi si mwanasheria, wa Sheria mtanisahihisha. Ila nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 2023, na ina tume yake. Hata bila sheria, sisi tunaosomea ualimu tunafundishwa kwamba mtoto wa darasani hatumpigi picha na kumposti bila mzazi kujua. Tunaandika hivyo kwenye mtihani, tunapata alama, halafu tunatoka ukumbini tunawafanyia wenzetu.

Ninachoomba kwa wahariri wa jarida hili, na kwa serikali ya wanafunzi itakayoingia muhula ujao, si kikubwa. Kabla sura ya mtu haijaenda jalada, aulizwe, na aliyepiga picha asijibu kwa niaba yake. Aambiwe itatumika wapi, maana kukubali jarida si kukubali kalenda, wala si kukubali nembo ya mdhamini. Mdhamini akileta fedha kwa tangazo lenye sura ya mwanafunzi, mwanafunzi huyo apate chochote, hata kama ni hela ya vocha, ili baba yake akipiga simu awe na la kujibu. Na akisema basi, iwe basi, bango likiwa limelipiwa au halijalipiwa. Kuhusu marais na suti yao sina neno, waendelee. Wao waliomba kura na picha zao walibandika wenyewe.

Nilipomaliza kuandika haya nilimsomea mwenzangu. Nilimwuliza kama niyapeleke. Alikaa kimya kidogo, akasema niondoe sehemu mbili, nikaziondoa, na ndiyo maana hamtazisoma hapa. Akasema jina lake nisiliweke. Akasema wahariri wakitaka picha ya kuambatanisha na makala, waweke ya mwembe, bila mtu.

Bango bado lipo. Limekaa juani mwaka mzima, pale upande wa dirisha, na rangi nyekundu imeshatoka yote. Embe limekuwa la bluu. Yeye pia amekuwa wa bluu, anacheka.